Nani Mwenye Haki ya Kusema "Ni Mpango wa Mungu"?

Kazi ya Mungu haina makosa. Maneno haya husikika kila penye msiba, mara nyingi yakitamkwa na mtu ambaye hata hajakaa chini. Mengine hufuata: Mungu ana makusudi yake, kila jambo lina sababu, jipe moyo. Nayaamini. Naamini kwamba Mungu hutenda kazi ndani ya mateso ya watu wake, na nisingeamini hivyo imani yangu isingekuwa na maana. Lakini nimeona maneno hayo hayo yakimtuliza mmoja na kumjeruhi mwingine, na sababu haikuwa maneno yenyewe. Sababu ilikuwa nani anayasema, anamwambia nani, na wakati gani. Hilo ndilo ninalotaka tulichambue hapa, tukiwa mahali ambapo Mkristo hana umati wa kujifichia: Wingwi, kaskazini mwa Pemba.

Wingwi ni shehia kadhaa katika Wilaya ya Micheweni: Wingwi Mapofu, Wingwi Mtemani, Wingwi Njuguni na jirani zake. Upande huu wa kisiwa una mawe mengi. Karafuu iliyoipa Pemba jina hustawi zaidi kwenye vilima vya magharibi; huku watu hutegemea bahari, muhogo, mifugo michache na jiwe lenyewe. Mwanamke hukaa chini ya kibanda cha makuti, nyundo mkononi, akipasua jiwe mpaka liwe kokoto, na rundo likikua humngoja mteja mwenye gari. Bamvua likifika, wenzake huteremka pwani maji yakishatoka. Huinama kuanzia kamba ya kwanza hadi ya mwisho wakifunga vipande vya mwani, na hawanyooshi mgongo hadi maji yaanze kurudi. Karibu wote ni Waislamu. Mkristo wa Wingwi kwa kawaida ni mtu wa kuja: askari polisi aliyehamishwa kutoka bara, mke wake, fundi ujenzi, mchuuzi, kijana aliyefuata msimu wa karafuu kisha akabaki. Jumapili akitaka ibada hupanda gari kwenda Wete, au mbali zaidi, Chake Chake.

Tuseme mke wa askari huyo amefiwa na mtoto. Majirani wamekwisha kuja. Wametandika jamvi, wamewasha moto, mmoja amewachukua kwake wale watoto wengine wakale. Wamesema pole, wamesema ni mitihani, kisha wamekaa. Ndipo simu inapoita kutoka nyumbani kwao bara. Ni mtu wa kanisani, mtu mwema, na anampenda. Anamwambia kwamba Mungu hafanyi jambo bila sababu, kwamba pengine anataka kumwonyesha kitu, kwamba auchunguze moyo wake. Mama yule anakata simu akiwa na mizigo miwili. Kwanza alikuwa amepoteza mtoto. Sasa anatakiwa pia atafute somo ambalo mtoto wake aliuawa ili yeye afundishwe.

Mtu aliyepiga simu hakusema uongo kwa makusudi, na Biblia anaijua. Kasoro ni kwamba ameruka kitabu cha Ayubu. Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walipomwona kwa mbali walilia, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Hotuba zao si za watu wajinga. Ukizisoma moja moja utakuta mafundisho ambayo yangekubalika katika mimbari yoyote: Mungu ni wa haki, Mungu humrudi mtu anayempenda, mwenye kutubu hurejeshwa. Hata hivyo mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika, akalia na kuidai mbingu imjibu. Ayubu naye hapewi maelezo. Anakutana na Mungu, lakini habari ya mapatano yaliyofanyika mbinguni katika sura za kwanza hakuambiwa kamwe. Sisi wasomaji tunajua asilolijua yeye, na labda ndiyo maana tunadanganyika kufikiri kwamba tunajua pia la jirani yetu.

Wale majirani wa Wingwi kwenye jamvi, kwa kipimo hiki, wamefanya kile ambacho rafiki wa Ayubu walifanya katika siku zao saba za heshima. Nasema hivi nikiwa Mkristo, bila kuficha kwamba imani yetu na yao zinatofautiana mahali pakubwa. Mkristo anakiri kwamba Mungu hakubaki kuyatazama mateso kutoka juu. Ndani ya Yesu aliyapitia mwenyewe. Bustanini Getsemane Yesu aliomba kikombe kile kimwepuke. Msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, zaburi ya mtu anayejiona ameachwa. Kama Mwana wa Mungu aliruhusiwa kulia hivyo, mama wa Wingwi hapaswi kuzuiwa.

Sasa tuitazame hadithi ambayo kila mtu huitumia kuthibitisha kwamba shida ina makusudi: ya Yusufu. Wahubiri huenda mbio hadi mwisho wake, pale Yusufu anapowaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu akakusudia mema. Ni tamko kuu kweli. Lakini lihesabie miaka. Yusufu alikuwa kijana wa miaka 17 habari yake inapoanza. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake, na lile tamko lenyewe lilikuja baadaye zaidi, baba yao alipokwisha kufa. Katika miaka yote ya shimo, utumwa na kifungo, Biblia haiandiki hata mara moja kwamba Yusufu alieleza makusudi ya mateso yake. Gerezani alimwambia mnyweshaji wa Farao jambo la kawaida kabisa: niliibwa kwetu, sikufanya kosa, ukitoka nikumbuke. Hata alipokuwa mtu mkubwa na kupata mtoto wa pili, Efraimu, bado aliiita Misri nchi ya mateso yake. Hakuipamba.

Na jambo ambalo naliona zito kuliko yote ni hili: tamko lile lilitoka kinywani mwa aliyeuzwa. Hebu ligeuze. Fikiria Yuda au Simeoni ndiye angemwambia Yusufu, "Usilie, Mungu alikusudia mema." Neno lilelile, teolojia ileile, lakini sasa ni matusi. Kwa Yusufu ni msamaha. Kwa ndugu zake ingekuwa njia ya kukwepa toba. Aliyeumizwa ana haki ya kutaja makusudi, akiwa tayari, kwa kinywa chake. Aliyeumiza hana. Sisi wengine, tuliosimama pembeni, tuna kazi tofauti.

Pemba ina historia inayolithibitisha jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Wenye mashamba wa Pemba wakapanua kilimo, na aliyelipa gharama ya upanuzi huo ni mtumwa. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Mkunazini mjini Unguja lilifungwa na usafirishaji wa watumwa baharini ukapigwa marufuku, lakini majahazi yaliendelea kuwaingiza watu Pemba kwa siri kupitia hori zake nyingi. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuufuta utumwa katika sheria. Amri hiyo ilikuwa na mitego. Mtumwa alipaswa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na akishaupata aonyeshe anakokaa na anavyojikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuhusishwa, walingoja hadi 1909.

Katika mwaka huohuo wa 1897 Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki kutoka Uingereza, Theodore Burtt akiwa mmoja wao, walianzisha shamba la misheni Banani, karibu na Chake Chake.  Banani palikuwa na mambo ambayo aliyetoka mahakamani na uhuru mkononi aliyahitaji kesho yake asubuhi: mahali pa kukaa, kazi ya ujira, na shule. Kwa maneno mengine, palikuwa na jibu la ule mtego wa uzururaji.

Enzi zile walikuwapo Wakristo, Ulaya na Marekani, waliofundisha kwamba utumwa ulikuwa njia ya Mungu ya kuwaleta Waafrika kwenye Injili. Huo ni mfano kamili wa ndugu za Yusufu kulichukua tamko la Yusufu. Marafiki walitoka kwenye mapokeo mengine: tangu 1783 walikuwa wamepeleka ombi Bungeni Uingereza kupinga biashara ya watumwa. Mapokeo yao hayakuutafutia utumwa maana nzuri, yaliutafutia mwisho. Wengi wa walioachwa huru Pemba hawakuwa Wakristo hata baadaye, walibaki Waislamu au wakawa Waislamu, na wajukuu zao ni Wapemba wa leo. Sioni kwamba hilo linaipunguzia Banani thamani. Mtu aliyepewa ujira wake na paa la kulala alitendewa haki, na haki haihitaji kulipwa kwa ubatizo.

Yupo pia mtu mmoja wa historia hii ambaye maisha yake yanafanana na ya Yusufu kiasi cha kushangaza. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetiwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu katika shule ya Kiungani, Unguja, kisha akapelekwa kusoma Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi na kutumwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kufanya kazi kati ya Wayao, watu wa kabila lake. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupewa daraja la ukasisi. Alitekwa kutoka kwa watu wake, akarudishwa kwao kuwahudumia. Moyo unanisukuma kuandika kwamba Mungu alipanga atekwe ili arudi kasisi. Siandiki. Kutekwa kwake lilikuwa kosa la watu, nalo linabaki kosa hata baada ya 1890. Ninachoweza kusema kwa dhamiri safi ni kwamba kosa lile halikupata neno la mwisho juu ya Majaliwa, na kwamba Mungu hakumwacha mikononi mwa walioliona lina faida.

Sisemi kwamba lazima miaka ipite kabla mtu hajaona makusudi. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo mkewe Rosine alikufa kwa homa, na kitoto chao kichanga kikamfuata, naye mwenyewe akiwa hoi kitandani. Hakungoja miaka 20. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile la upweke kwenye pwani ya Afrika Mashariki liwe kwao ishara kwamba kazi imeanza. Wapo wanaolisoma hilo kama ukaidi wa mmisionari. Mimi nalisoma kama neno la mtu mwenye kaburi, na kwa hiyo nalipokea. Lakini kama kamati iliyomtuma, kule London, ndiyo ingemwandikia yeye maneno hayo, ningeichukia barua ile mpaka leo.

Turudi karibu na Wingwi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikiwa imebeba watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Mamia walikufa. Wengi wa waliokuwamo walikuwa wakirudi nyumbani Pemba, na taifa zima liliingia katika siku tatu za maombolezo. Katika msiba mkubwa kiasi hicho swali la makusudi ya Mungu huulizwa na kila mtu, Mwislamu kwa Mkristo, na hapa Wakristo tuna kisa katika Luka 13 ambacho hatukitumii inavyostahili. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye akaongeza msiba mwingine, wa watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia walioleta habari wito wa kutubu. Ndivyo alivyofanya pia katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu. Alikataa hesabu hiyo, akatema mate, akafanya tope, akamponya.

Kwa hiyo atakayetaka kuisoma ajali ile kama hukumu ya Mungu juu ya waliozama, Yesu ameshamkatalia. Na anayehusika na kupakia meli kupita kiasi hana ruhusa ya kusema ni mpango wa Mungu. Wajibu wake ni kueleza idadi, kuwajibika na kutubu. Imani inayofunika uzembe kwa jina la Mungu inamsingizia Mungu. Nalisema kwa ukali kwa sababu limekuwa jambo la kawaida katika nchi yetu: barabara mbovu, dawa zilizokosekana, jengo lililoporomoka, kisha spika zinafunguliwa na tunaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya Mungu haina makosa. Ya wanadamu inayo, na mengine yana majina.

Wapo watakaonijibu kwa Waebrania 12, kwamba Bwana humrudi yule ampendaye. Ni kweli, imeandikwa, na waumini wengi hushuhudia kwamba walirudiwa na kupona. Ila angalia wanavyolisema: kila mmoja anasema habari zake mwenyewe. Baba amrudipo mwanawe hamtumi jirani akamweleze mtoto kosa lake. Kama Mungu anamrudi mama wa Wingwi, anajua njia ya kumfikia bila kupitia simu yangu. Nao wale wanaozunguka na mahubiri ya laana za ukoo, wakimwambia mfiwa kwamba shida yake ina mzizi nao wana ufunguo, mradi atume sadaka, wanafanya biashara kwenye jeraha la mtu. Sina neno laini la kuwapa.

Makusudi basi hupatikana wapi? Jibu ninaloliona la kweli zaidi lipo mwanzoni mwa Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Paulo, mtu aliyepigwa, aliyefungwa, aliyevunjikiwa na jahazi, anaeleza kwamba faraja aliyoipata kwa Mungu katika dhiki alipewa ili naye aweze kuwafariji walio katika dhiki. Hajaeleza kwa nini dhiki ilikuja. Ameeleza faraja iende wapi. Ni mtu huyohuyo ambaye, katika barua ileile, anakiri kwamba aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomchoma asiondolewe, akapewa neema ya kuubeba. Na anapowaandikia Warumi kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote kwa wema wa wampendao, hasemi kwamba mambo yote ni mema. Aya chache kabla ya hapo viumbe vyote vinaugua, na Roho mwenyewe anaugua pamoja nasi.

Tumfuate yule mama. Miezi imepita. Jirani yake, mmoja wa wale waliokaa naye kwenye jamvi, ana mtoto aliyelazwa Hospitali ya Micheweni. Mama anakwenda. Hana hotuba. Anajua ni dawati lipi la kuulizia majibu ya vipimo, anajua kwamba mama mwenye mgonjwa husahau kula, kwa hiyo amebeba uji kwenye chupa ya chai. Anajua pia asiseme nini. Ujuzi huo hakuupata semina. Aliupata kwa gharama ambayo angetoa chochote asiilipe. Akirudi nyumbani siku hiyo na kumwambia mumewe, "Naona Mungu ameanza kunitumia," nitaliamini neno lake kuliko vitabu vingi. Na asipolisema kamwe, akaendelea tu kubeba uji, sitamdai ushuhuda. Mungu hana haja ya mfiwa wake kumtetea.

Na jambo hili lisimfanye mtu aikumbatie shida inayoweza kuondolewa. Yesu aliponya wagonjwa, hakuwafundisha kuuthamini ugonjwa. Yusufu aliomba atolewe gerezani. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe abebe msalaba wake. Aende polisi, aende kwa sheha, aende kwa mchungaji mwenye akili, apate mahali pa usalama. Mwenye huzuni iliyomzuia kula na kulala kwa wiki nyingi aonane na daktari bila kuona haya. Maombi na matibabu havijawahi kugombana isipokuwa katika midomo ya wahubiri fulani.

Nawaomba basi mapadri, wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa wa Wete na Chake Chake: mnao waumini Micheweni, Wingwi, Konde na Tumbe ambao huonekana Jumapili moja wakapotea nyingine kwa sababu ya lindo, nauli au mtoto mgonjwa. Yaandikeni majina yao. Mmoja wao akifiwa, msimalize kwa simu. Pandeni gari mwende, mkae kwenye jamvi pamoja na majirani zake Waislamu waliotangulia kufika, na muwashukuru kwa kumtunza. Mwacheni aseme yeye kwanza, hata kama atakalosema ni kumlaumu Mungu. Akiwauliza kwa nini, mwambieni kweli kwamba hamjui. Kisha ombeni naye, na kabla ya kuondoka mpange siku ya kurudi.